Kuchimba Polepole: Akiolojia ya Wananchi katika Udongo wa Katanga

Akiolojia ya wananchi ni kazi ya kufukua mabaki ya watu wa kale inayofanywa na wakazi wa mahali husika pamoja na wataalamu, wengi wa wakazi hao wakiwa wamejitolea. Mtaalamu huja na mbinu, kibali cha serikali na njia ya kufika maabara. Wakazi huja na mikono, macho, na ujuzi wa ardhi ambao hauko kwenye ramani yoyote: wapi jembe liligonga vigae, kichuguu kipi hakilimwi, bibi yupi aliambiwa na bibi yake kwamba pale mtoni palikuwa na wafua chuma. Kazi ikienda vizuri, pande zote mbili huondoka na kitu ambacho hakuna mmoja wao angekipata peke yake.

Katika nchi za Ulaya watu hujiandikisha kwa ajili ya kazi hii wakati wa likizo, na wengine hulipa ili wapewe nafasi. Katanga, nchini Kongo, hali ni nyingine. Hapa kuchimba si burudani. Mji wa Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910, reli ilipofika kutoka kusini, kwa sababu ya shaba, na mgodi wake wa kwanza, Étoile, ambao wenyeji huuita Kalukuluku, ulianza kutoa madini mwaka 1911. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, haikugundua shaba hiyo. Mwanajiolojia Mbelgiji Jules Cornet aliyepita mwaka 1892, na Mwingereza George Grey aliyefuata mwaka 1899, walikuta mashimo ambayo wenyeji walikuwa wameyachimba tangu zamani, na mashimo hayo ndiyo yaliyowaonyesha mahali pa kutafuta. Kwa hiyo ukisema kwamba wakazi wa Katanga wanafundishwa kuchimba, umeanza vibaya. Wanachofundishwa katika akiolojia ni kuchimba polepole, na kuandika.

Udongo wenyewe una mengi ya kusema. Kwenye mto Kamoa, upande wa Kolwezi, mwanaakiolojia Daniel Cahen alichunguza zana za mawe za kale sana, zikiwemo zile kubwa zenye umbo la tone zilizochongwa pande zote mbili, na akachapisha kazi hiyo mwaka 1975. Pembezoni mwa Lubumbashi, kando ya kijito cha Naviundu, kulipatikana vigae na mabaki ya uyeyushaji wa shaba ambayo Pierre de Maret na padre Mbenediktini Anciaux de Faveaux walitangaza tarehe zake mwaka 1984: takriban karne ya 4 baada ya Kristo. Yaani shaba ilikuwa ikiyeyushwa hapa miaka 1,500 na zaidi kabla ya bomba la moshi la Union Minière kusimama. Leo Naviundu ni jina la mtaa, na watu wengi wanaopita hapo kwenda sokoni hawajawahi kuambiwa habari hiyo.

Mahali panapojulikana zaidi ni Sanga, kwenye ukingo wa ziwa Kisale, katika bonde la Upemba ambako mto Lualaba hutawanyika kuwa vinamasi na maziwa. Tangu Katanga igawanywe mwaka 2015 eneo hilo liko mkoa wa Haut-Lomami. Msafiri kutoka Lubumbashi anaweza kupanda treni hadi Bukama, kisha akashuka na mto kuelekea Kikondja. Jacques Nenquin alichimba Sanga mwaka 1957, timu ya Jean Hiernaux ikafuata mwaka 1958, na mwaka 1974 de Maret akachimba hapo na pia Katongo. Mwaka uliofuata akachimba Kamilamba, Kikulu na Malemba-Nkulu. Yote hayo ni makaburi. Nchi kavu isiyofikiwa na mafuriko ni haba katika bonde lile, na watu wamekuwa wakijenga na kuzika katika matuta yaleyale kwa zaidi ya miaka 1,000. Kijiji cha leo kimekaa juu ya makaburi ya jana, na hilo lina maana kubwa kwa yeyote anayetaka kuchimba: hapati kuweka kigingi hata kimoja bila kuingia uani kwa mtu.

Kutokana na makaburi hayo ilipatikana historia ya mfululizo ambayo maeneo machache ya Afrika ya kati yanayo. Wa kwanza, karne ya 6 na ya 7, wanaitwa Wakamilamba. Kisha, kuanzia karne ya 8, unakuja utamaduni wa Kisale, unaofikia kilele kati ya karne ya 11 na ya 13. Baadaye unafuata ule wa Kabamba hadi karne ya 18, na mwisho Waluba wa nyakati za karibuni. Majina haya yamebuniwa na wanaakiolojia kutokana na mahali. Wenyewe walijiitaje, hakuna kaburi linaloweza kusema. Lakini katika kaburi moja la Kamilamba, la mwanzo wa kipindi cha Kisale, marehemu alizikwa na fuawe ya chuma na shoka la heshima ambalo mpini wake umepambwa kwa misumari. Vitu hivyo viwili ndivyo alama za ufalme wa Waluba hadi karne ya 19. Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi kuliko huo kwamba mamlaka ya Waluba yana mizizi mirefu kuliko hadithi za wafalme zinavyohesabu.

Vyungu vya Kisale ni vizuri kiasi kwamba mtu huvitambua akishaviona mara moja: chini ni duara, shingo ina mkunjo mkali, vingine vina mikono na midomo ya kumiminia. Vingi havina dalili ya kutumika jikoni, ikionekana vilifinyangwa kwa ajili ya maziko. Kuna pia majiko madogo ya udongo yenye pembe tatu za kuegemeza chungu, ya aina ambayo mvuvi anaweza kupikia ndani ya mtumbwi. Na katika makaburi ya watoto vyungu ni vidogo, vikilingana na umri wa aliyezikwa. Watoto wengine walizikwa na mali nyingi ambayo hawakuwa wameifanyia kazi, jambo linaloonyesha kwamba tayari kulikuwa na familia ambazo heshima ilirithiwa.

Kisha kuna misalaba ya shaba. Inaanza kuonekana makaburini kwa wingi katika kipindi cha Kabamba, kuanzia karne ya 14. Mwanzoni ni mikubwa, na mara nyingi mmoja umewekwa kifuani mwa marehemu. Kadiri karne zinavyopita inakuwa midogo, ya vipimo vinavyokaribiana, na inakutwa mingi kwa pamoja karibu na mikono au kiunoni. De Maret alisoma mabadiliko hayo kama safari ya kitu cha heshima kuelekea kuwa fedha. Misalaba ya shaba ilifika hadi bonde la Zambezi. Huko Ingombe Ilede, nchini Zambia, watu walizikwa nayo. Mwaka 1960 Katanga ilipojitenga, misalaba mitatu iliwekwa kwenye bendera yake, na msalaba ukatokea kwenye sarafu zake pia.

Hapa ndipo pa kueleza kwa nini akiolojia inahitaji subira. Hoja yote ya de Maret inategemea msalaba ulikuwa wapi: kifuani au mkononi, peke yake au katika fungu, chini ya chungu cha umbo gani. Msalaba huohuo ukinunuliwa kwa mchuuzi ni kipande cha shaba chenye umbo la kupendeza. Hauna karne, hauna mwenyewe, wala hauwezi kutofautishwa kwa urahisi na ule uliosubuliwa mwaka jana kwa ajili ya watalii. Kitu kikitolewa mahali pake bila kuandikwa, sehemu kubwa ya habari zake imepotea na hairudi tena, hata kikiwekwa baadaye katika kabati la kioo na taa juu yake.

Shaba hiyo ilipatikanaje? Wayeyushaji walichukua malakaiti, lile jiwe la kijani, wakalivunja, wakajenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, wakajaza makaa ya miti ya msitu wa miombo na kupuliza hewa kwa mivukuto kupitia mirija ya udongo. Kazi ilifanyika kiangazi. Vyama vya mafundi hao viliendelea hadi mwanzo wa utawala wa kikoloni, na mwaka 1926 Jean-Félix de Hemptinne, baadaye askofu wa Katanga, alichapisha maelezo juu ya “walaji wa shaba”, yaani mafundi hao, akitegemea wazee ambao bado waliifahamu kazi hiyo. Vilivyobaki ardhini ni vichache na havimvutii asiyejua: mavi ya shaba meusi, vipande vya mirija vilivyoiva kwa moto, duara la udongo mwekundu, makaa. Mchimbaji mdogo wa leo anaweza kuvitupa pembeni bila kujua. Mkazi aliyewahi kushiriki katika uchimbaji mmoja tu hawezi.

Tuseme ukweli: kwa muda mrefu watu waliochimba Afrika hawakuandikwa. Ripoti za karne ya 20 zimejaa majina ya Wazungu walioongoza, na chini yake sentensi moja ya kuwashukuru “vibarua”. Mikono iliyoshika mwiko na kuondoa udongo juu ya mbavu za mtu wa Kisale ilikuwa, mara nyingi, ya watu wa palepale, ambao baadaye hawakupata kuona vitu hivyo, kwani vingine vilivuka bahari. Akiolojia ya wananchi ilianza kama jibu kwa hali hiyo. Haikuzaliwa kwa sababu ya upungufu wa vibarua.

Mfano bora katika Afrika Mashariki uko Katuruka, karibu na Bukoba, magharibi mwa ziwa Viktoria. Wazee Wahaya walisimulia kwamba mfalme Rugomora Mahe, wa karne ya 17, aliamuru ujengwe mnara wa chuma wa kufika mbinguni, na walijua hasa mahali ulipofuliwa: chini ya mti mtakatifu uitwao Kaiija. Mwanaakiolojia Mmarekani Peter Schmidt aliposikia hayo mnamo 1970 hakuyacheka. Alichimba pale walipoonyesha, na akakuta mabaki ya ufuaji chuma ambayo makaa yake yalipimwa kuwa ya takriban miaka 2,500 iliyopita, kitambo kirefu kabla ya mfalme mwenyewe kuzaliwa. Masimulizi yalikuwa yamemvika mfalme wa karibuni kumbukumbu ya mahali pa kale zaidi, lakini mahali penyewe hayakupakosea. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya walijenga tena tanuri na kuyeyusha chuma mbele ya watafiti. Na miaka ya 2000 ikikaribia kwisha, wakazi wa Katuruka wenyewe ndio waliomwita Schmidt arudi: wazee wengi waliojua habari hizo walikuwa wamefariki, baadhi kwa UKIMWI, na kijiji kilitaka kukusanya kilichobaki na kuparejeshea heshima mahali hapo. Maswali yalitoka kijijini, na mgeni akaja kusaidia kuyajibu. Kwa mizani ya kazi hii, huo ndio uchimbaji wa wananchi hasa. Mwingine mwingi unaopewa jina hilo ni ajira ya muda yenye picha nzuri.

Upande wa Kongo, jaribio la karibu zaidi na hilo limefanyika Kasongo, katika Maniema, mji uliokuwa makao ya Tippu Tip na wafanyabiashara Waswahili kabla ya kutekwa na jeshi la kikoloni, Force Publique, mwaka 1893. Timu iliyoongozwa na Noemie Arazi ilichunguza mabaki ya mji huo ikiwa na watafiti Wakongomani, akiwemo Olivier Mulumbwa Luna wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na mpiga picha Georges Senga wa Lubumbashi. Walichimba, na papo hapo wakawasikiliza wazao wa jamii ya Waswahili ambao bado wanaishi huko na wana kumbukumbu zao za nyumba, makaburi na miembe.

Kazi yenyewe inaendeshwaje? Kabla ya beleshi kugusa ardhi, kuna karatasi. Nchini Kongo ulinzi wa mali ya utamaduni unatawaliwa na sheria ya tarehe 15 Machi 1971, ambayo inataka kila uchimbaji wa aina hii upate kibali na kila kilichopatikana kitangazwe. Hata Kanuni ya Madini ya mwaka 2002 inasema wazi kwamba mwenye haki ya kuchimba madini akifukua mali ya kale haruhusiwi kuihamisha. Anapaswa kuarifu mamlaka za utamaduni na makumbusho kwa maandishi. Ni kifungu kizuri. Utekelezaji wake unategemea sana kama kuna mtu yeyote karibu na trekta anayejua kutambua mrija wa mivukuto.

Baada ya serikali kuna chifu, na baada ya chifu kuna wenye ardhi. Panapohusika makaburi, mazungumzo hayawi ya siku moja. Wazee hutaka kujua nani atafunguliwa, mifupa itapelekwa wapi, na kama itarudi. Wanaweza kudai sala au kafara kabla ya kuanza, na wanaweza kukataa kabisa. Mradi unaowahesabu wakazi kuwa washirika hukubali jibu hilo na kuhamia kwingine.

Msimu ni wa kiangazi, kati ya Mei na Septemba. Masika yakianza, udongo mwekundu wa Katanga hugeuka utelezi, shimo hujaa maji na kuta huanguka. Asubuhi ya Juni na Julai Lubumbashi, mji ulio mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, huwa na baridi kali kuliko wageni wanavyotarajia, na wachimbaji huanza wakiwa wamevaa masweta na kuyavua kabla ya saa nne.

Eneo hugawanywa kwa kamba na vigingi kuwa miraba, mara nyingi ya mita moja kwa moja au mbili kwa mbili, na kila mraba hupewa herufi na namba. Anayejitolea kwa mara ya kwanza hukabidhiwa mraba mmoja akiwa na mzoefu. Hatumii sururu. Hutumia mwiko kama ule wa fundi mwashi, ncha yake ikiwa imelika, na huuvuta kuelekea kwake akikwangua badala ya kuchokoa. Huteremka kidogo kidogo, kwa matabaka yanayoonekana kwa rangi. Yasipoonekana, kwa sentimita 10 kila safari. Rangi ya udongo ni habari muhimu. Doa la duara lenye weusi, upana wa kiganja, linaweza kuwa tundu la nguzo iliyooza, na matundu 12 yaliyopangwa kwa mviringo ni nyumba. Asiyejua huyafuta yote kwa dakika tano.

Udongo unaotoka huwekwa kwenye ndoo na kupelekwa kwenye chekeche. Hapo watu wawili hulitikisa, wakiokota vigae, mifupa ya samaki, ushanga, makombo ya mawe. Kila kitu huingia katika mfuko ulioandikwa jina la mahali, mraba, tabaka, kina, tarehe na herufi za jina la aliyeandika. Mfuko usioandikwa ni hasara tupu, na wasimamizi huwa wakali juu ya hilo kuliko jambo jingine lolote. Makaa yana utaratibu wake: hayashikwi kwa vidole, huchukuliwa kwa ncha ya mwiko na kufungwa katika karatasi ya alumini, kwa sababu ndiyo yanayopelekwa kupimwa kaboni-14. Kaboni hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 tangu mti ulipokatwa. Mafuta ya mikono, majivu ya sigara au mzizi mchanga uliojipenyeza vinaweza kuharibu hesabu.

Mizizi na mchwa ni adui wa kweli wa mwanaakiolojia katika nchi hii ya vichuguu. Mwaka 1977 Daniel Cahen na Jan Moeyersons walitoa onyo ambalo bado linarudiwa. Katika eneo la Gombe, Kinshasa, walijaribu kuunganisha vipande vya mawe vilivyochongwa, kimoja na kingine, na wakaona kwamba vipande vya jiwe lilelile, vilivyobanduliwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja, vilikutwa kwenye vina vilivyoachana sana, vingine kwa karibu mita moja. Wadudu, mizizi na maji vilikuwa vimevishusha. Kilichodhaniwa kuwa zama mbili au tatu, moja juu ya nyingine, kilikuwa mchanganyiko. Ugunduzi huo haukuhitaji mashine. Ulihitaji meza ndefu, mwanga mzuri na mtu asiyechoka kujaribu kama kipande hiki kinakaa na kile, kazi ambayo mwanafunzi au mama wa makamo anaweza kuifanya vizuri kuliko profesa mwenye haraka.

Ndiyo sababu kujitolea hakuishii shimoni. Siku moja ya kuchimba huzaa siku kadhaa za kuosha vigae kwa mswaki, kuvianika, kuviandika namba kwa wino mweusi, kuvipanga kwa mapambo na kuvichora. Kwa mkazi wa Lubumbashi asiyeweza kusafiri hadi Upemba, hapo ndipo mlango ulipo. Makumbusho ya Taifa ya mji huu, ambayo asili yake ni Musée Léopold II ya wakati mji ukiitwa Élisabethville na mikusanyo ya Francis Cabu, ina vitu vya Sanga na misalaba ya shaba, na makusanyo ya namna hiyo siku zote yana masanduku yanayosubiri kupangwa upya.

Mji wenyewe pia umewahi kujaribu kitu cha namna hiyo bila kuchimba. Kuanzia mwaka 2000 mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ambao wanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki walikuwa miongoni mwa waasisi wake, uliwaalika wakazi watoe masimulizi, picha na vitu vya nyumbani kueleza maisha ya mji na ya kambi za wafanyakazi. Sufuria, cherehani, redio, kitambulisho cha kazi cha marehemu baba: vitu ambavyo mwanaakiolojia wa miaka 500 ijayo angevikuta vimeoza nusu vilionyeshwa vikiwa na wenyewe pembeni wakiyaeleza matumizi yake. Wengi wanaona hiyo si akiolojia. Hata hivyo swali ni lilelile, kitu kilikuwa wapi na mikononi mwa nani, na jibu lilipatikana kabla halijapotea.

Kuna jambo gumu ambalo miradi mingi hulikwepa, nalo ni malipo. Neno kujitolea husikika vizuri kwa mwanafunzi wa Ulaya aliyelipiwa ndege. Kwa baba wa mtaa wa Kenya au Katuba mjini Lubumbashi anayetafuta unga wa leo, siku bila kipato ni siku ya njaa, na kumwomba afanye kazi bure kwa ajili ya historia yake mwenyewe kuna harufu ya salongo ya enzi za Rais Mobutu, ile kazi ya lazima ambayo wazee hawajaisahau. Miradi yenye busara hutenganisha mambo mawili. Kazi nzito ya kila siku, kukata majani, kuchota maji, kulinda usiku, hulipwa kama kazi nyingine yoyote. Kujitolea huachwa kwa saa chache za hiari: wanafunzi siku ya Jumamosi, walimu wakati wa likizo, wazee wanaokuja kutazama na kusahihisha. Nauli na chakula hutolewa kwa wote. Bajeti isiyoweza kumudu ugali na samaki kwa watu 20 ingefaa ingoje mwaka mwingine.

Anayetaka kushiriki anahitaji vitu vichache: viatu vinavyofunika mguu, kofia, maji, glavu, chanjo ya pepopunda na, kwenye bonde la Lualaba, chandarua na tahadhari ya kichocho kabla ya kuingia majini. Elimu ya juu haihitajiki. Kinachohitajika ni kuweza kusema “sijui” na kuita msimamizi kabla ya kung’oa kitu, na kutotia chochote mfukoni, hata kigae kidogo kisicho na pambo. Mwenye ujuzi wa kufinyanga, kuvua au kufua chuma ana nafasi yake ya pekee: mfinyanzi akishika kigae anaweza kusema kilijengwa kwa kamba za udongo au kwa kuvuta bonge, jambo linalomchukua mtafiti wa mjini miezi kulijua.

Uchimbaji ukiisha, kuta za kila mraba huchorwa na kupigwa picha, vitu huorodheshwa na kukabidhiwa makumbusho, na matokeo husomwa mbele ya kijiji kwa Kiswahili au Kiluba kabla ya kupelekwa kwenye majarida ya Kifaransa na Kiingereza. Chini ya shimo hutandikwa plastiki, kisha udongo hurudishwa, ili atakayechimba siku nyingine ajue wenzake waliishia wapi. Sehemu ya eneo huachwa bila kuguswa kwa makusudi, ikiwekewa wachimbaji watakaokuwa na vifaa ambavyo havijatengenezwa bado.